Kimya cha Ijumaa

Mkwe wangu Soumaya alikuwa na kila sifa ya mkwe mwema, isipokuwa kila Ijumaa alikuwa anatoroka.

Siku nyingine zote alikuwa wangu. Alfajiri tunakanda unga pamoja, asubuhi tunakaanga sambusa, na mafundi wa avenue yetu wakianza kuvuka barabara na mikono yao ya grisi, yeye ndiye anayewapa chai, kwa adabu ambayo mimi Zubeda sijawahi kuwapa. Lakini Ijumaa, adhana ikishaisha na wanaume wakishakwenda msikitini, nikigeuka tu kutafuta kifuniko cha sufuria ya pilau, Soumaya hayupo. Anarudi baadaye, mtulivu, anasema "Pardon, Mama," anachukua mwiko mkononi mwangu na kuendelea kana kwamba hajaenda popote. Ijumaa, jamani, siku ya pilau. Mama mkwe mwingine angekwisha kuitisha kikao.

Mimi sikuitisha. Si kwa upole, maana upole sikujaliwa. Ni kwa sababu ya mwanangu Anouar. Anouar ni tôlier, fundi wa kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa, kama marehemu baba yake. Baba yake alipiga nyundo mpaka masikio yakamwisha, na ndiyo maana mimi naongea kwa sauti ya mtu anayesimamisha gari lililokwisha kupita: miaka yote ya ndoa nilizungumza na mume asiyenisikia, na alipofariki sauti ikabaki kule kule juu. Anouar alikuwa kijana wa kununa. Tangu amwoe Soumaya, baada ya Idi, nikawa namsikia anacheka peke yake akinawa uso. Mwanamke anayemfanya mwanangu acheke akinawa uso, namsamehe pilau.

Mtaa wetu wa Buyenzi haujui kunyamaza. Upande huu wanagonga bodi, upande ule wanajaribu injini, wauza spea wanaitana kutoka duka hadi duka, redio ya huyu inashindana na ya yule, na mtoto akizaliwa hapa analala fofofo katikati ya hayo yote. Ni saa ya swala ya Ijumaa tu ndipo kila kitu kinawekwa chini. Nyundo zinarudi kwenye masanduku, maduka yanafungwa, spika za msikiti zinazimwa baada ya adhana, na avenue inabaki na sisi wanawake na paka. Mimi saa hiyo naipenda. Ndiyo saa pekee ninayosikia mafuta yangu yakichemka.

Kulikuwa na mambo mengine pia. Soumaya alikuwa na sauti ndogo mno. Ukimwita, anakuja badala ya kuitika. Usiku hataki taa izimwe. Anouar akichelewa kidogo kwa kwenda kununua rangi, mke wake anasimama langoni na simu mkononi, hali wala hasemi. Na ukimgusa bega kwa nyuma anaruka na kumwaga chochote alichoshika. Siku moja alinimwagia mimi chai ya moto, nikasema maneno ambayo baadaye nilimwomba Mungu ayafute.

Jirani yangu Amira, anayeuza kadi za simu mbele ya nyumba yake na kugawa habari za watu bure, alikuwa na jibu lake.

"Mama Anouar, ule mutoto iko na jini. Jini ya Ijumaa."

"Jini gani yenye kujua siku ya juma?" nikamwambia. "We uza kadi zako."

Hata hivyo maneno yalikuwa yameshaniingia. Kwa hiyo Caritas, mama mdogo wa Soumaya aliyemlea kule Ngagara, alipokuja kututembelea Jumapili moja baada ya misa na kikapu chake cha matunda ya maracuja, nilimtuma Soumaya sukari, ingawa sukari ilikuwepo, nikasogeza kiti changu.

"Caritas, nieleze huyu mutoto. Sitaki kumurudisha. Nataka kumujua."

Caritas aliweka kikombe chini. Ni mtu wa ofisi, anaongea kwa mpangilio, lakini hapo mpangilio ulimponyoka.

"Mama Zubeda, ni ile mwaka ya vurugu. Alikuwa mudogo, ajafika ata miaka kumi. Dada yangu alishakufa zamani, alikuwa na baba yake tu. Kwetu walipiga masasi siku mingi, na baba yake akakufa mu ile wakati. Mi nilikuwa kazini ku ville, mujini kati, barabara zikafungwa, nikafika kesho yake. Nilimukuta peke yake mu nyumba, chini ya kitanda. Ajawahi kuniambia kitu. Na mi sikumuuliza. Nilifikiri akisahau ni vizuri zaidi. Minajua tu anaogopa makelele."

Niliumia. Sisi sote wa mji huu tuna mwaka fulani tusiopenda kuutaja, lakini mtoto peke yake chini ya kitanda ni jambo lingine. Siku hiyo nilimpenda Soumaya upya, na mimi nikimpenda mtu sikai nikatulia. Lazima nitengeneze kitu. Anaogopa makelele, na sisi tumemleta kuishi mbele ya gereji za tôlier.

Kesho yake asubuhi nilivuka barabara kwenda kwa Mzee Abdu, mkubwa wa mafundi wote wa pale. Miguu yake ilikuwa nje, mwili uliobaki chini ya gari.

"Mzee Abdu, toka leo hakuna kupiga nyundo mbele ya nyumba yangu."

Kichwa kikatokea. "Mama Anouar, bodi hainyooki kwa dua."

"Inyooke ku avenue ingine. Ao muachane na sambusa yangu."

Kisha nikamweleza sababu, kwa sauti ya chini. Yaani ile ninayodhani ni ya chini. Nilipomaliza, avenue nzima ilikuwa imejua, na wanaume wawili walikuwa wanapangusa macho kwa vitambaa vya mafuta.

Mafundi wa Buyenzi wakishikwa na huruma, ni hatari. Kazi za kugonga sana walizihamishia avenue ya mwisho kabisa, na Anouar akaenda nazo. Nyundo zilizobaki walizifunga mpira wa tairi. Redio zikazimwa. Wauza spea wakaanza kuitana kwa mikono, na dereva mmoja aliyejaribu honi yake alishikwa kola na kuelezwa vizuri. Soumaya akipita, wanasimama wote na spana zao, kimya, kama watu wanaopigwa picha. Hata Amira alinong'ona, na habari za Amira zikinong'onwa huwa mbaya zaidi.

Mimi nilijisifu. Nilitazama avenue imetulia kama chumba cha mgonjwa, nikasema moyoni, Zubeda, umefanya.

Basi Soumaya akaharibika. Alitia chumvi mara mbili kwenye nyama, kisha akasahau kuitia kabisa. Akaunguza sambusa, yeye ambaye sambusa zake zilikuwa rangi ya asali. Macho yake hayakutoka langoni. Alikuwa anampigia Anouar simu, na Anouar kule mbali katikati ya nyundo hasikii, na yeye anazidi kupiga. Usiku ndiyo hakulala kabisa. Nikaona bado kuna makelele yanamsumbua, nikaongeza kimya. Nilifika mahali nikatoa betri kwenye saa ya ukutani.

Amira akanijia kwa kunyata. "Mukazana wako, siku hizi si Ijumaa tu. Wanamuona kwa Térence. Kila siku."

Térence ana mashine ya kusaga unga nyuma ya soko. Ni kijana, hajaoa, na ana meno mazuri.

Lakini sikupata nafasi ya kugomba, kwa sababu Alhamisi jioni nilimkuta Soumaya chumbani anakunja vitenge na kuvipanga kwenye sanduku. Anouar alikuwa ameketi kizingitini na nyundo magotini, na ule uso wake wa zamani, wa kununa, umerudi mzima.

"Mama, minaenda kwa Tantine Caritas," Soumaya akasema. "Siku kidogo."

Siku kidogo. Mwanamke akisema siku kidogo na sanduku limejaa mpaka juu, siku hizo hazina mwisho.

"Nimekukosea nini?"

"Apana, Mama. Mumenifanyia vizuri sana, ninyi wote. Ni mi ndio siweze. Naona nitamuchosha Anouar na nitakuchosha na we."

Nilikuwa sitaki aondoke. Si kwa ajili ya Anouar tu. Nilikuwa nimemzoea kiasi kwamba namkatia kitunguu kabla hajakiomba. Basi nikafunga kifuniko cha sanduku na kuketi juu yake. Najua si hoja, lakini mimi ni mzito na sanduku lilikuwa la plastiki. Soumaya alicheka kidogo, halafu akalia. Tukakubaliana ataondoka kesho baada ya swala, Anouar amsindikize.

Kesho ikafika. Adhana ikaisha, wanaume wakaenda. Nikageuka kutafuta kifuniko cha sufuria, kama kawaida, ila safari hii nilikuwa nimekishika mkononi tangu mwanzo. Nikasikia lango. Nikajitanda kitenge nikamfuata.

Avenue ilikuwa kimya kiasi kwamba kandambili zangu zilisikika kama makofi, nikazivua, nikatembea miguu mitupu juu ya vumbi la moto, mwanamke mzima wa umri wangu. Soumaya alikuwa anakwenda mbio, karibu kukimbia, haangalii kushoto wala kulia. Akakunja kona nyuma ya soko, akaingia kwa Térence. Térence ni Mkristo, Ijumaa kwake ni siku kama Jumanne, na mashine yake ilikuwa inanguruma peke yake katika mtaa wote.

Nilisimama nje kwanza, napanga maneno. Niliyapanga vizuri, kuanzia heshima ya ndoa mpaka meno ya Térence. Kisha nikaingia.

Soumaya alikuwa amekaa juu ya gunia la mihogo mikavu, mgongo ukutani, karibu kabisa na mashine. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Unga ulikuwa umemfanya mweupe kichwa, mabega, hadi kope. Na alikuwa amelala. Mtu ambaye hakulala nyumbani kwangu wiki nzima alikuwa amelala pale, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyeshiba.

Térence alikuwa upande wa pili anamimina mihogo. Alinisalimu kwa kidevu.

"Anakuja kila Ijumaa," akapaza sauti. "Na sasa kila siku. Ananiuliza tu mashine itasimama saa ngapi. Mi namuwekea gunia."

"Na we unamufanyia nini?"

"Unasema?"

"Nasema, unamufanyia nini?"

"Nasaga muhogo, Mama."

Maneno yangu yote niliyoyapanga nikayaacha palepale. Nikaketi kwenye gunia la pili. Soumaya akafumbua macho, akaniona, akataka kusimama, nikamzuia kwa mkono. Katika ngurumo ya mashine ile hakuna mtu ambaye angesikika, isipokuwa mimi, kwa hisani ya marehemu mume wangu.

"Soumaya, we si unaogopa makelele?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akatikisa kichwa. Midomo yake ikasema kitu, lakini ile sauti yake ndogo, ningeisikia wapi.

"Sema kwa nguvu."

"Siogope makelele."

"Sasa unaogopa nini?"

Akafungua mdomo kunijibu, na umeme ukakatika.

Mashine iliguna, ikashuka, ikanyamaza. Vumbi la unga likabaki linaelea hewani. Mtaa mzima ulikuwa msikitini. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya pua. Soumaya alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaniingia. Pumzi yake ilikuwa fupi fupi, macho yameganda mlangoni, na mtu niliyekuwa nimekaa naye hakuwa tena mke wa Anouar. Alikuwa mtoto mdogo anayesubiri kitu. Hapo nikaelewa alichokuwa anakikimbia Ijumaa zote zile, na nikaelewa kile tulichomjazia avenue nzima.

Dawa siijui. Ninachojua ni kusema. Basi nikasema. Nikamwambia, "Niko hapa, sitoki," halafu nikaanza kumsimulia jinsi baba yake Anouar alivyoniposa. Wanaume wengine walikuja na maneno. Yeye alikuja na jiko la mkaa alilolichonga kutoka mlango wa Volkswagen, na mpini wa mlango akauacha palepale uwe wa kubebea. Jiko lile lile tunalokaangia sambusa. Mama yangu alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mlango wa gari, na baba yangu akajibu kwamba ameona ndoa zilizoanza na vitu vibaya zaidi. Nilisema huku napiga debe tupu kwa kiganja, na Térence, Mungu amjalie mke, hakuuliza swali. Alichukua debe lingine akanifuatisha.

Polepole kucha zikalegea. Pumzi ikashuka. Nami nikapunguza hadithi, nikaacha debe tu, na Soumaya akaanza kusema.

"Tantine anajua ya masasi tu," akasema. "Masasi ikipigwa, Baba alikuwa ananishika. Nilikuwa naogopa, lakini alikuwa ananishika. Kisha ikanyamaza. Kila kitu kikanyamaza. Baba akasema, sasa kumetulia, minaenda kutafuta mukate. We kaa chini ya kitanda, usiseme ata neno moja, unisubiri." Akajifuta unga machoni. "Nikakaa. Sikusema neno. Nilikuwa nasikiliza viatu vyake tu."

Térence aliendelea kupiga debe, taratibu, kichwa chini.

"Mashine ikilia, Mama, sisikilize. Siwezi kusikiliza ata kama nataka. Na kwenu, siku ya kwanza nilisikia nyundo toka asubuhi, nikalala muchana kama mugonjwa aliyepona. Nikasema, hapa ndipo kwangu. Ijumaa tu ndio ilikuwa ngumu." Akanitazama. "Kisha mukanyamaza."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nikafanya vyote viwili.

"Soumaya, nilitoa ata betri mu saa."

"Niliona, Mama."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Mulikuwa munafanya kwa roho nzuri. Wote, mutaa muzima. Nikaona haya."

Akaanza kucheka, unga ukamdondoka kwenye kope, na Térence akacheka mpaka akapoteza mdundo.

Tulirudi nyumbani mkono kwa mkono, yeye mweupe kama maiti na mimi bila viatu, na wanaume ndio walikuwa wanatoka msikitini. Anouar alitukimbilia akidhani kuna msiba. Nikasimama katikati ya barabara.

"Mzee Abdu, chukueni nyundo. Zile kubwa."

Mzee Abdu alirekebisha kofia yake. Ni mtu wa taratibu. "Mama Anouar, ile mara ya kwanza we ndio ulisema. Tukakusikia. Sasa nataka aseme mwenyewe." Akamgeukia Soumaya. "Mama, unataka tupige ao tunyamaze?"

Naona aibu kidogo kukiri kwamba swali hilo, dogo namna hiyo, halikuwa limenipitia kichwani.

"Pigeni," Soumaya akasema.

Alisema kwa ile sauti yake, lakini walisikia wote. Wakafungua masanduku bila hata kubadili kanzu za swala. Kulikuwa na gari, Probox, iliyosubiri wiki nzima kwa upole, wakaivamia wote kwa pamoja, na mwenye gari alipokuja kuichukua alisema iliingia na kovu moja inatoka na mengi. Ikabidi wairudie. Anouar alibeba sanduku la mke wake kwa mkono mmoja, akaliweka juu ya kabati, na mimi nikapanga juu yake sufuria zangu zote za harusi, ili yeyote atakayelihitaji anione kwanza.

Nyundo hazikumaliza mambo. Usiku ulibaki usiku, na Ijumaa nyingine ikaja kama zinavyokuja. Caritas, nilipomweleza, alilia sana kwa kuwa hakuwahi kuuliza. Kisha akafuta machozi, na kwa kuwa ni mtu wa ofisi akapiga simu mpaka akampata Joëlla, mshauri anayefanya kazi katika nyumba moja tulivu kule Kinindo, ambako watu wenye mizigo ya namna hii wanakaa na kuongea. Walipokwenda, nikaenda nami. Joëlla anaongea kwa upole mpaka unamsogelea ili umsikie. Nilimjibia Soumaya maswali yote ya mwanzo, vizuri tu, mpaka Joëlla akanitazama akitabasamu.

"Mama, labda tumuachie Soumaya aseme."

Nimenyamazishwa mara nyingi maishani, lakini kwa adabu namna ile ilikuwa mara ya kwanza, nikatii.

Nilidhani atatoa vidonge au atamwambia asahau. Hakusema hivyo. Alisema kuna sehemu ya Soumaya ambayo bado iko chini ya kile kitanda inasubiri, na haitoki kwa kuvutwa. Alimfundisha kushusha pumzi, na kutaja kwa jina vitu anavyoviona mbele yake woga ukimshika. Akasema hata kimya kinaweza kujifunzwa tena, kidogo kidogo, akianza na kimya cha ukubwa wa kikombe cha chai, pamoja na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Na Anouar akaambiwa jambo moja tu: ukitoka, sema unaenda wapi, ukirudi, sema umerudi, usiingie kama mwizi.

Anouar ni mtiifu. Akawa kila akifika langoni anasema, "Nimerudi." Mzee Abdu akamuuliza sababu, naye akamwambia, na hapo tena huruma ikawashika mafundi wote. Sasa hakuna mwanaume anayepita langoni kwangu kimya. Aliyekwenda kununua misumari, "Nimerudi, Mama." Waliokwenda kula, "Tumerudi, Mama." Juzi mtu asiyetufahamu alikuja kutafuta taa ya gari, akaambiwa aseme kwanza ndipo ahudumiwe, akasema, huku anatazama nyuma kuona kama anachekwa.

Ijumaa tukazipanga hivi: pilau nikaihamishia Alhamisi, na saa ya swala natwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Natwanga kwa nguvu zote, kinu kinalia, mchi unashuka, na Soumaya anachambua majani karibu yangu. Kuna wiki ambazo hata kinu hakitoshi, anakwenda kwa Térence, na gunia lake linamngoja. Hatumuulizi. Anasema anaenda wapi, anatoka.

Ijumaa iliyopita, adhana iliisha, wanaume wakaenda, nikashika mchi. Nilikuwa sijatwanga sana aliponiwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Mama, pumuzika kidogo."

"Una uhakika?"

"Kikombe kimoja."

Akamimina chai mbili, tukakaa kwenye mkeka. Na kimya kikaja kutoka pande zote, kama kinavyokuja Ijumaa. Soumaya alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwona anahesabu vitu kwa midomo: kinu, ndoo, paka, Mama. Nikafurahi kuona nami nimo, baada ya paka. Ulimi wangu uliniuma kwa kukosa kazi, lakini sikusema, na hilo waulizeni watu wanaonijua lina uzito gani. Chai yake ikaisha. Nikatazama mchi. Yeye akaweka kikombe chini, akanishika mkono, na hakuniambia nitwange.

Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko chai. Mara moja pumzi yake ilikatika, ikarudi. Kisha, kwa mbali, upande wa msikiti, nikasikia makubadhi juu ya vumbi, mengi, yanakuja bila haraka. Alikuwa ameyasikia kabla yangu. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka.

"Wanarudi," akasema.

Makubadhi yakakaribia, yakafika, yakasimama langoni. Sauti ya Anouar ikaja mbele, na nyingine zote nyuma yake.

"Tumerudi."

Na Soumaya, mkwe wangu, ambaye zamani ukimwita alikuwa anakuja badala ya kuitika, alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Karibuni," akaita, na sauti ile ilivuka ukuta, ikavuka barabara, ikamtoa Amira nje na kadi zake mkononi.

Nikamsikia Mzee Abdu kule nje.

"Mama Anouar, ni we umeita?"

Nilikuwa nalia, wala sikusingizia vitunguu.

"Apana, Mzee Abdu," nikamjibu. "Ni mutoto wangu."